Barua ya wazi kwa mbunge wetu: ushuru wa mazao utozwe kwa kilo

Mheshimiwa Mbunge,

Yah: Michango yako bungeni kuhusu ushuru wa mazao na lumbesa

Tunakusalimu. Tumesoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya michango yako kwenye bajeti za TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na za Kilimo, na tunakushukuru kwa dhati, kwa sababu umeyasemea mambo ya shambani na gulioni bila kuyumba. Ila umeyasema kwa mafungu. Mbele ya TAMISEMI uliomba ushuru wa mazao upunguzwe. Mbele ya Wizara ya Kilimo ulikemea lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Sisi wakulima na wasafirishaji wa mahindi na viazi huku Nyanda za Juu Kusini tunaona hilo ni jambo moja, na linazaliwa kwenye mstari mmoja wa sheria ndogo za halmashauri: ule unaosema ushuru ni shilingi kadhaa "kwa gunia".

Asilimia zenyewe za ushuru zilikwishashughulikiwa. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilikuja na hatua ya kushusha ushuru kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mazao yake yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, hesabu inaanzia kwenye bei ya shambani. Hapo hatuna ugomvi. Shida inaanza asilimia hiyo inapofika kwenye geti la ushuru barabarani.

Getini kuna kamba iliyokatiza barabara, mkusanyaji mwenye mashine ya POS ya kutolea risiti, na gari lililofunikwa turubai. Mizani haipo. Mkusanyaji hawezi kujua mzigo umenunuliwa kwa bei gani, kwa hiyo halmashauri humrahisishia kazi: hukadiria bei ya gunia mara moja, huikokotolea asilimia, kisha kiwango hicho hutumika mwaka mzima.

Tupige hesabu. Tuseme gunia la chakula lilikadiriwa shilingi 60,000 na ushuru ni asilimia 2, yaani shilingi 1,200. Mavuno yakifurika, bei ikaanguka hadi 30,000, ushuru unabaki 1,200. Hiyo sasa ni asilimia 4, mara mbili ya iliyoruhusiwa. Miezi ya njaa bei ikipanda hadi 90,000, ile 1,200 inakuwa asilimia 1.3 hivi. Kwa hiyo anayeuza mapema kwa sababu anadaiwa mbolea na ada za watoto ndiye anayeumia zaidi, na aliyehifadhi ghalani akisubiri bei anapita kwa nafuu. Tunajua jibu la kawaida ni kwamba ushuru analipa mnunuzi. Kwenye risiti, ndiyo. Lakini mnunuzi anapotaja bei pale shambani huwa ameshaukata kwenye bei hiyo.

Sasa lumbesa. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezwa kipande cha gunia jingine juu na kufumwa kwa kamba. Hicho ndicho kilemba. La viazi likifungwa hivyo linafika kilo 140 bila shida. Gari lenye magunia 10 ya namna hiyo limebeba kilo 1,400, lakini getini linahesabiwa magunia 10. Halmashauri imekosa ushuru wa magunia manne, shilingi 4,800 kwa mfano wetu. Mkulima amelipwa magunia 10 na ametoa kilo 400 bure. Mnunuzi amefaidi pande zote mbili, na kilichomshawishi ni kile kiwango cha kwa gunia. Ndiyo maana makemeo hayajatosha: msimu huu lumbesa inapigwa marufuku, msimu ujao imerudi, kwa sababu kila kilo inayoongezwa kwenye gunia moja inapita bila ushuru.

Msamaha wa tani moja nao unakwama kwenye chombo cha usafiri. Mkulima mwenye magunia manne hakodi gari peke yake. Wanaungana watano, wanajaza lori dogo moja la Canter, jumla magunia 20, tani mbili. Kila mmoja ana kilo 400 na hapaswi kutozwa. Mkusanyaji anaona gari moja na dereva mmoja, anatoza lote. Wakati huohuo mfanyabiashara mwenye tani tano anaweza kuzigawa kwenye pikapu sita, akapita kama wakulima sita. Msamaha umemkosa aliyekusudiwa na kumfikia asiyehusika.

Tunachopendekeza ni mzigo upimwe mahali unaponunuliwa, kwenye kituo cha kijiji au gulioni, kabla haujapanda gari. Mizani ya jukwaa inatosha, ihakikiwe na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Ile ya kuning'iniza itumike tu pale ambapo hakuna nyingine, kwa sababu inachezewa kirahisi: mshale haurudi sifuri, gunia linaachwa liguse chini, au mpakiaji analiegemeza begani na kilo zinapotea. Mahali pa kupimia pawe wazi, muuzaji asome mwenyewe.

Risiti ya POS ioneshe kilo, kijiji, jina la mwenye mazao na namba ya gari. Mkulima anayesafirisha chake apewe na mtendaji wa kijiji hati yenye jina lake na uzito, ili gari la watu watano liwe na hati tano. Getini kazi iwe kukagua karatasi. Pakiwa na shaka, yashushwe magunia matatu yapimwe. Risiti ya namna hiyo inasaidia pia mbele ya safari, maana ushuru hulipwa mara moja, kule mazao yalikotoka, lakini risiti iliyoandikwa "mahindi gunia 20" bila namba ya gari haimshawishi mkusanyaji wa wilaya inayofuata.

Kwa mfano uleule, shilingi 1,200 kwa kilo 100 ni shilingi 12 kwa kilo. Bei ya shambani ibandikwe upya kila mwezi kwenye ofisi ya kijiji na kiwango kifuate. Halmashauri haitapoteza kwa lumbesa tena, na hilo ulisemee mbele ya madiwani wanaohofia mapato, kwa sababu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inatoka kwenye kapu hilohilo.

Wewe una viti viwili, Mheshimiwa. Kwa nafasi ya ubunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, na sheria ndogo ya ushuru inaanzia huko: rasimu hutangazwa wananchi watoe maoni, baraza hupitisha, Waziri mwenye dhamana huidhinisha, ndipo inachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Tunakuomba uwepo siku rasimu inapojadiliwa, na udai neno "gunia" liondoke kwenye jedwali la viwango, liandikwe "kilo". Kule Dodoma kuna Kamati ya Sheria Ndogo; ipelekee mifano ya viwango vya kwa gunia ikilinganishwa na asilimia iliyoruhusiwa.

Kisha kuna Muswada wa Sheria ya Fedha mwezi Juni. Lumbesa iko kwa Wizara ya Viwanda na Biashara, ushuru kwa TAMISEMI, zao kwa Kilimo, na ukiligawa swali hivyo kila waziri anajibu kipande chake. Muswada wa Fedha ndio huwa na nafasi ya kuigusa Sura 290. Ibara ya 99 ya Katiba inambana mbunge asilete mwenyewe pendekezo la kutoza kodi, ila kupunguza haikumzuia. Leta jedwali la marekebisho kwa Katibu wa Bunge mapema, kabla ya Kamati ya Bunge Zima, maana ukisimama kwa mdomo tu hakuna kifungu kitakachobadilika. Maneno tunayopendekeza ni haya:

"Ushuru wa mazao utakokotolewa kwa kilo, kwa bei ya shambani ya mwezi husika iliyobandikwa na halmashauri, na msamaha wa tani moja utahesabiwa kwa kila mwenye mazao, bila kujali idadi ya wenye mazao waliotumia chombo kimoja cha usafiri."

Tuko tayari kuja ofisini kwako jimboni na jedwali la viwango vya sasa, mstari kwa mstari, kabla Bunge la Bajeti halijaanza mwezi Aprili.

Wako,
Wakulima na wasafirishaji wa mahindi na viazi