Mtani aliyevaa koti la baba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua yangu ni ndefu kidogo ila naomba usiikate sana, maana hili jambo la utani wa makabila limenikaa moyoni muda mrefu na kila nikiona watu wanatukanana kwenye magrupu ya simu halafu mtu anamalizia na "natania tu bana" linaniamka upya.

Baba yangu alifariki mwezi wa saba mwaka juzi, kijijini kwetu Songea. Sisi ni Wangoni. Nilitoka Dar na mke wangu na watoto, tukafika tumechoka, na baridi ya Songea ya mwezi wa saba anayeijua anaijua, watu wamejifunika vitenge na mablanketi wameuzunguka moto, kimya, kuni tu ndo zinalia. Mi nimekaa na wanaume wenzangu najikaza, maana mtoto wa kiume wa kwanza unaangaliwa. Basi akaingia bibi mmoja wa Kihehe. Kwao ni Kalenga kule Iringa, ila aliolewa huku kwetu siku nyingi na kazeekea huku. Kaingia na sauti ya sokoni, "Kamwene! Nasikia mateka wangu kanitoroka!" Watu machozi hayajakauka, wakaanza kucheka.

Mke wangu alishtuka sana. Yeye ni wa Moshi, anaijua misiba ya kwao, akanong'ona, "huyu ni nani, mbona hamumtoi?" Nikamwambia huyo hatoki, huyo ni mtani, Wahehe na sisi Wangoni tunataniana toka enzi za mababu.

Bibi kaingia ndani bila kuuliza, katoka amevaa koti la baba lile la kahawia na kofia yake, na shingoni kajifunga kamba yenye ufunguo. Mhariri, ule ufunguo. Baba alikuwa karani wa ushirika wa tumbaku, mtu wa hesabu kweli kweli, na pale nyumbani kulikuwa na sanduku la bati ambalo sukari ilikaa humo imefungiwa, na ufunguo aliuvaa shingoni mpaka anaoga nao. Bibi akatembea kama baba, bega la kulia limeshuka kidogo, akakohoa kile kikohozi chake cha kabla ya kuongea, akachukua kijiko akajifanya anachota sukari, halafu akapitisha kidole juu ya kijiko taratiiibu kukisawazisha ili punje zilizozidi zirudi kwenye kopo. "Kijiko kimoja. Cha pili ni cha mgeni. Wewe ni mgeni?" Ile sauti! Mama yangu alicheka mpaka akainama, akalia humo humo kwenye kicheko, na ndo mara ya kwanza analia toka asubuhi, mashangazi walikuwa wanaogopa vile alivyokauka.

Mi nikacheka pia, halafu nikainua macho nikakuta mke wangu haangalii kile kichekesho. Ananiangalia mimi.

Hakusema kitu pale. Alisema usiku tumelala. "Ile ya kijiko, si ndo wewe na umeme?" Kweli kabisa. Mi nyumbani Mbagala kila jioni nasoma yuniti za luku kabla sijasalimia mtu. Najua jana zilikuwa ngapi na leo zimeenda ngapi, naanza kuuliza nani alipiga pasi, nani kaacha taa ya choo. Watoto wakisikia geti linafunguka mmoja anakimbia kuzima tivii. Nilikuwa najiona baba mzuri anayejali, na nilikuwa nimeapa toka mdogo kwamba mi sitakuja kuwa kama yule mzee na sanduku lake. Miaka hamsini na kitu ninayo, nimesoma, nimehudhuria semina za uongozi kazini, tulishajazishwa yale madodoso ya kujua wewe ni mtu wa tabia gani, na hakuna hata moja lililonionyesha hicho. Kaja bibi na kijiko kitupu. Wahenga walisema nyani haoni kundule, ila hawakusema anayeliona akuambieje ndo usikie. Mke wangu alishanilalamikia hilo la luku mara nyingi tu, kila mara tuligombana. Kwa bibi sikuweza kugombana kwa sababu mtani hachukiwi, ukichukia umeshindwa, na ukishacheka neno limeshaingia ndani huwezi kulitoa.

Ila kilichonifanya niandike ni cha siku ya tatu. Bibi wakati huo alikuwa jikoni na wenzake anasonga ugali wa watu mia, maana mtani hafiki msibani kuchekesha peke yake, anachota maji, anapika, wanaume wao wameshika majembe kwenye kaburi toka alfajiri. Nikaenda kumshukuru, nikasema bibi umemwigiza mzee kama alivyo, ubahili wake wote. Akaacha mwiko. Akaniambia we mtoto wa mateka hujui kitu. Akanikumbusha ile miaka baada ya vita vya Kagera, mwanzoni mwa themanini, bidhaa zimepotea madukani, sukari ni ya mgao, sabuni foleni. Mi nilikuwa darasa la pili, nayakumbuka yale madaftari ya mgao. Bibi alikuwa amejifungua mtoto wake wa tatu na maziwa hayatoki, mtoto anaishi kwa uji. "Baba yako alikuwa ananiletea sukari kila Jumapili kwenye karatasi, vijiko saba, amesawazisha kila kimoja kwa kidole. Lile sanduku alilifunga nyinyi msije mkala uji wa mwanangu." Na yule mtoto ndo yule aliyekuwa anachimba kaburi pale nje.

Nilikaa chini palepale jikoni kwenye gogo. Miaka yote nilikuwa na baba mbahili kichwani, nimemtumia pesa kwa wajibu tu, simu za dakika mbili. Baba hakuwahi kusema. Na baada ya ile shida kuisha, mazoea yakabaki shingoni.

Nieleze kidogo kwa vijana maana wengi neno watani wanalijua kwa Simba na Yanga tu, watani wa jadi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vibaya kati ya 1878 na 1882, kila mmoja kamuumiza mwenzake na hakuna aliyemmaliza mwenzake, wakaachana, na wajukuu wa waliochinjana ndo wakaja kuwa watani. Kwa hiyo bibi akisema mateka wangu hajaokota neno, kuna damu chini yake, na ndo maana limegeuzwa kicheko. Kuna utani mwingine ulizaliwa njiani, Wanyamwezi walipokuwa wanabeba mizigo kutoka Tabora kwenda Bagamoyo wakawa watani na watu wa njia ile, Wazaramo, Wazigua, Waluguru, na mpagazi akiugua au akifa mbali na kwao alikuwa na mtu wa kumtunza na wa kumzika. Hata Moreau, yule Mwingereza mtaalamu wa ndege wa porini aliyekaa Amani kule Usambara, mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliacha ndege wake akaandika habari za utani wa Tanganyika. Mtu wa ndege, Mhariri! Sisi wenyewe tunauacha ufe.

Na unakufa vibaya, maana maneno yamebaki, yule mtu nyuma ya maneno ndo hayupo tena. Ofisini kwetu kuna dada wa Iringa, mwaka jana kwenye chakula cha mchana mfanyakazi mwenzetu mmoja akamrushia ule utani wa zamani wa Wahehe na kujinyonga, watu wakacheka, na yule kijana wala si mtani wake, kwao na Iringa hakuna utani wowote. Dada aliweka kijiko chini akatoka. Miezi minne nyuma alikuwa amempoteza kaka yake hivyo hivyo. Hatukujua. Tunakaa naye ofisi moja miaka sita na hatukujua, tulichangishana rambirambi kwenye simu, tukatuma, basi, hakuna aliyefika kwao kuuliza kafaje. Sasa najiuliza mtani wake wa kweli angesema lile neno? Asingesema, kwa sababu angekuwa alikuwepo. Angekuwa ameshika jembe. Mtani anajua kidonda kiko wapi, kwa hiyo anajua pa kugusa na pa kupita mbali. Yule kijana nilimwita pembeni nikamwambia, akaumia kweli, akasema mi nilidhani ndo tunavyofahamiana. Simlaumu peke yake. Mi mwenyewe nilikuwa kwenye ile meza na nilitabasamu.

Naomba basi gazeti lako lifanye kitu. Kila wiki mpe nafasi mzee mmoja wa kabila lolote aeleze watani wake ni nani, ulianzaje, nini kinasemwa na nini hakisemwi hata kwa mtani, na mtani akifika msibani anafanya kazi gani. Hilo la kazi lisisahaulike, watu wanashika vichekesho wanaacha majembe.

Koti la baba hatukulipata siku ile. Mila ni kulikomboa, tukatoa elfu tano na kuahidi kuku, bibi akasema bila kuku koti haliendi. Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilirudi na kuku wake, jogoo mkubwa. Nikamwomba na kitu kingine, nikamwambia bibi niigize na mimi kama ulivyomwigiza baba, nataka kujiona. Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Nikuigize nini? Sikujui. Nimekuona siku tatu za msiba. Baba yako nimekaa naye miaka arobaini." Akauliza huko Dar nani anakujua. Nilitafuta jina la kumtajia, nje ya watu wa nyumbani kwangu, nikakosa. Akasema leta watoto wakae na wajukuu zangu, wewe umeshachelewa.

Likizo ya mwezi wa sita nawapeleka, wiki tatu. Mkubwa ameshaanza kuuliza kama kuna mtandao. Koti ninalo hapa Mbagala limetundikwa nyuma ya mlango, na juzi mke wangu alipolitoa kulianika akakuta ufunguo upo mfukoni na kamba yake, bibi alikuwa ameurudisha bila kusema.

Ni mimi msomaji wako,
Mngoni wa Mbagala, Dar es Salaam