Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Msingi: turudishie vipindi viwili vya Ijumaa

Ndugu Afisa Elimu wa Awali na Msingi wa Manispaa,

Salaam za heshima kutoka kwa walimu wa sayansi na wazazi wa shule moja ya msingi iliyo chini ya ofisi yako hapa Dar es Salaam. Jina la shule tunalihifadhi. Ofisi yako inalijua, maana wiki iliyopita ilituletea turubai.

YAH: KUSITISHWA KWA VIPINDI VYA VITENDO NA KUHARIBIWA KWA BUSTANI YA DARASA LA NNE

Kwanza tunashukuru kwa ugeni. Wageni walipata kivuli, viti vilipangwa vikapangika. Ambalo hatukupata nafasi ya kulisema, kwa kuwa ratiba ya siku ile haikuwa na mahali pa mwalimu kusema, ni kwamba turubai lilisimikwa juu ya vitanda vitatu vya mchicha wa siku 17, na gari lililoleta viti likarudi nyuma juu ya vitanda vilivyobaki. Hotuba iliyotolewa chini ya turubai hilohilo ilisifu elimu ya vitendo. Watoto walipiga makofi kama walivyoelekezwa.

Tulipolalamika tukaambiwa mchicha si kitu, utaoteshwa mwingine. Ndugu Afisa, tuvumilie tukueleze kilichokuwa pale, kwa sababu inaelekea hakuna aliyekueleza.

Vile vitanda vitatu vilikuwa jaribio. Kila kimoja kilikuwa na upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, watoto wenyewe wakiwa wamepima kwa kamba yenye mafundo na kukokotoa eneo. Kila kitanda kiliwekewa mbegu vijiko viwili vya chai vilivyochanganywa na kopo la mchanga mkavu, kwa sababu mbegu ya mchicha ni ndogo mno na mkono wa mtoto ukiimwaga peke yake inaota kwa mafungu, pengine pamejaa na pengine upara. Kitanda cha kwanza kilipata ndoo mbili za samadi ya kuku iliyooza vizuri na maji lita 20 asubuhi na lita 20 jioni. Cha pili kilipata maji yaleyale bila samadi. Cha tatu kilipata samadi ileile, ila maji ya asubuhi tu. Kila baada ya siku mbili watoto walipima kwa rula urefu wa miche kumi iliyofungwa uzi mwekundu na kuandika kwenye jedwali. Kati ya siku ya 21 na ya 28 mchicha ungeng'olewa, ungepimwa kwenye mizani, na grafu ingekamilika. Sasa jedwali limeishia katikati. Mtoto hana cha kujibu akiulizwa ni samadi au ni maji yaliyoleta tofauti, na swali la namna hiyo ndilo sayansi yenyewe.

Kuotesha upya kunawezekana, tena tutaotesha. Lakini udongo wetu wa kichanga ukishakanyagwa na gari lenye mzigo unashindiliwa, maji yanatuama juu, mizizi haipiti. Itabidi kulima upya kwenda chini kama sentimeta 25, kisha samadi nyingine. Na samadi ya kuku haiokotwi leo ikatumika kesho. Mbichi inaunguza miche, hivyo lazima irundikwe, iloweshwe na kugeuzwa kwa wiki kadhaa hadi ipoe na harufu kali iishe. Maji nayo ni kazi. Ya kisima cha shule yana chumvi, ukimwagilia hayo kingo za majani zinageuka kahawia, kwa hiyo tunategemea ya bomba siku yanapotoka.

Hayo yote tungeyameza. Kilichotutoa kwenye subira ni ujumbe uliofuata, ulioletwa na Afisa Elimu Kata kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu: vipindi viwili vya mwisho vya Ijumaa, vilivyokuwa vya vitendo, visitishwe mara moja na vitumike kwa mitihani ya majaribio ya kila wiki. Barua hakuna. Sababu hakuna. Tunakisia kwamba kuna jedwali mahali fulani linalopanga shule kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na kwamba hakuna anayetaka kuulizwa juu ya shule zake za chini wakati Upimaji wa Darasa la Nne unakaribia. Kama tumekosea, tusahihishwe. Ila tusahihishwe kwa maandishi.

Labda inadhaniwa kwamba vitendo vinaweza kuingizwa kwenye kipindi cha kawaida cha dakika 40. Darasa letu la nne lina watoto 120 kwenye chumba ambacho, kwa kiwango cha serikali yenyewe, kingekuwa na 45. Kusogeza madawati na kupanga makundi kunakula dakika 8. Kugawa vifaa, 6. Kukusanya, kuhesabu na kurudisha, 8 nyingine, na usipohesabu hutaona balbu hata moja wiki ijayo. Zinabaki 18 za kufanya kazi na kuuliza kwa nini imetokea hivi. Haiwezekani. Vikiwa vipindi viwili mfululizo, nusu ya darasa inatoka nje na mwalimu wa pili, nusu inabaki ndani na vifaa, kisha wanabadilishana. Kwa njia hiyo vifaa vya makundi kumi vinatosha watoto wote. Ujanja wote wa Ijumaa ulikuwa huo.

Na kwa kuwa vifaa vimetajwa, tuseme na lile sanduku. Uliahidi kwenye kikao cha wazazi kwamba vifaa vya sayansi vitafika, na kweli vikafika, shukrani. Mada ilikuwa umeme. Ndani ya sanduku tulikuta vishikio vya betri moja moja, betri za tochi za volti 1.5, na taa ndogo nyeupe za LED. Aliyenunua alitazama bei, tunahisi, hakuziwasha. Taa nyeupe ya LED inahitaji karibu volti 3. Ukiiunga kwenye betri moja haiwaki kabisa, hata mtoto afanye kila kitu sawasawa. Tena ina mguu mrefu na mguu mfupi: mrefu unakwenda upande wa chanya, ukigeuza haiwaki, na hakuna karatasi hata moja ndani ya sanduku iliyosema hivyo. Matokeo yake watoto wanaamini wamekosea wao.

Kinachofaa ni balbu ya kawaida ya tochi ya volti 2.5, betri mbili zilizofuatana kichwa kwa mkia, na waya. Balbu hiyo haijali upande. Kwa betri moja inatoa mwanga hafifu, kwa mbili inang'aa, kwa nne inaungua. Tofauti hizo mbili za kwanza ni somo tosha, na la tatu mwalimu anaweza kulionyesha kwa balbu moja tu kama moyo unamruhusu. Waya, tahadhari: ule wa kopa unaotoka kwa mafundi wanaosuka mota ni wa bei nafuu, lakini umepakwa vanishi. Usiposugua ncha zake kwa msasa, sentimeta 2 kila upande, umeme haupiti, na kwa macho waya unaonekana uko wazi. Swichi ni misumari miwili midogo kwenye kipande cha ubao na klipu ya karatasi. Vipande vya ubao mafundi seremala wa Keko wanatupa. Ajali iliyo ya kawaida ni kundi kuunganisha waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila balbu katikati: betri inapata moto mkononi na inakwisha ndani ya dakika chache. Ndiyo maana swichi inaungwa kwanza, betri inaingia mwisho. Na wembe wa kuchuna waya haupewi mtoto. Kazi hiyo mwalimu anaifanya Alhamisi.

Sanduku lenyewe sasa limefungiwa stoo. Tumeelezwa kwamba ni mali ya serikali, lisichakae.

Kuna vitendo visivyohitaji sanduku la mtu. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono ni dumu la lita 5, kamba, kijiti cha kukanyagia na tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto, milimita 2 hivi. Tundu likiwa kubwa maji yanakwisha kabla ya mapumziko. Ukikadiria mililita 100 kwa mtoto, dumu linanawisha watoto 50, na hesabu hiyo watoto wa darasa la tatu wanaipata bila kusaidiwa. Chini pawekwe kokoto, la sivyo panakuwa tope na mazalia ya mbu. Vinne vilikuwa karibu na vyoo. Viwili vimeondolewa, eti havipendezi kwa wageni.

Hapa tuseme jambo ambalo baadhi ya walimu wenzetu hawatalipenda. Kufagia, kupiga deki na kumwagilia si elimu ya vitendo kwa sababu tu mtoto katoka jasho. Na mwalimu wa zamu anayempeleka mchelewaji akapalilie kama adhabu anaiua bustani kuliko gari la viti. Hilo turekebishe sisi, wala hatuisingizii ofisi yako.

Yaliyo yako ni haya. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe na mashamba au karakana, na wanafunzi wenyewe washiriki kuamua kazi zake. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu unataka umahiri, maana yake mtoto aonyeshe anaweza kufanya. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija anauliza zana kwenye andalio la somo. Sasa tumtii nani, mtaala au ujumbe wa WhatsApp?

Fedha hatuombi nyingi. Tunajua ruzuku ya shule imetajwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, na tunajua bei za Kariakoo za 2002 si za leo. Wazazi walikuwa tayari kuleta betri na balbu wenyewe. Mwalimu mkuu akakataa, kwa kuogopa kuambiwa anachangisha kinyume cha waraka wa elimu bila ada. Hatumlaumu. Mstari mmoja kutoka kwako, wenye mhuri, ungemtoa hofu.

Tulitaka kuomba mengi: fidia ya samadi, uzio wa bustani, taa zibadilishwe, kibuyu chirizi kirudi. Tumeyapunguza. Tunaomba vipindi viwili vya Ijumaa. Mitihani ya majaribio ipangiwe Jumatano, hatuipingi, tutaisimamia na kuisahihisha. Ila Ijumaa, kuanzia saa 5:20 hadi saa 6:40 mchana, dakika 80, utuachie. Kama 80 ni nyingi kwa darasa la nne, anza na darasa la tano. Kama kila wiki ni nyingi, basi wiki moja ndiyo, moja hapana. Lakini viwe viwili mfululizo, na ufunguo wa stoo akabidhiwe mwalimu wa sayansi siku hiyo, kwa kusaini daftari.

Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Walimu wa sayansi na wazazi wa darasa la nne