Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana shuleni kwetu, hapa Ilemela, Mwanza. Mwaka huu klabu ilichagua mada iliyowashangaza baadhi ya wazazi: jinsi madini ya nyuklia yanavyokaguliwa yasigeuzwe silaha. Mheshimiwa, mada hii inatuhusu. Urani ipo Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na nchi yetu imejiunga na mkataba wa mwaka 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo.

Wengi hudhani wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki hutua na mitambo ya ajabu. Kazi yao huanzia kwenye daftari: kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Halafu wanapima wenyewe. Ni kama soko la Mwaloni Kirumba, mzigo wa dagaa usipolingana na hesabu, mtu lazima ajieleze. Ila hapa kilo 8 tu za plutoni huhesabiwa kuwa huenda zikatosha bomu moja.

Kilichotuvutia zaidi ni lakiri, yaani kifungo kinachowekwa kwenye chombo ili kikifunguliwa kwa siri ijulikane. Ile ya siku nyingi ni kikopo kidogo cha chuma chenye waya. Upande wake wa ndani hutiwa alama na kupigwa picha kabla ya kufungwa. Ikitolewa hurudishwa Vienna, makao makuu ya Shirika hilo, alama zikalinganishwa. Nasi tulijaribu kwa vizibo vya soda. Tulivikwaruza kwa msumari, mwalimu akavipiga picha kwa simu, tukafungia sanduku la hadubini. Mwenzetu mmoja, tena kwa ruhusa, alibadilisha kizibo wakati wa prepo akaweka cha kuigiza. Kwa macho vilifanana kabisa. Kwenye picha, mkwaruzo mmoja ulipinda upande usio wake.

Lakini lakiri hulinda tu kile ambacho nchi imekitangaza kwa wakaguzi. Iraki ilikuwa ikikaguliwa, na baada ya vita ya 1991 ikabainika ilikuwa na mradi wa siri. Ndiyo maana mwaka 1997 ikaja Itifaki ya Ziada, inayowapa wakaguzi nafasi pana ya kufika na kuchukua sampuli. Mkaguzi hupangusa meza kwa kitambaa cha pamba, na maabara ya Seibersdorf, Austria, husoma kwenye vumbi hilo ni urani ya aina gani iliyopita pale. Deki utakavyodeki, kumaliza chembe zote ni kazi ngumu. Kwa maoni yetu, ukaguzi usiofika kwenye mlango ambao haukutajwa ni nusu ya kazi.

Mheshimiwa, changamoto zetu ni mbili: hatuna kipima mionzi hata kimoja, na nauli ya kwenda Tume ya Nguvu za Atomu, Arusha, imetushinda. Tunaomba utushike mkono kwa hayo, hata kwa kuanza na kipima mionzi.

Tunaomba kuwasilisha.