Barua kwa somo yangu: mkaja na ubeleko

Wete, Pemba
Ijumaa, baada ya laasiri

Somo yangu kipenzi,

Asalaam alaykum. Hujambo weye, hawajambo wa nyumbani, na yule mdogo meno yameshatoka? Mie mzima, alhamdulillah, tumbo ndilo linalotangulia kuingia mlangoni. Mwezi wa nane wa mimba unakwisha. Sauti uliyonirikodia juzi nimeisikiliza mara mbili, nikaona nisikujibu kwa sauti. Nyumba hii ina masikio mengi na maneno yangu ni marefu.

Nimeshatua kwetu kama ada inavyotaka, kifungua mimba azaliwe kwa mama. Nimevuka mapema, mwezi wa saba haujaingia, maana boti ya Mkoani na mawimbi ya kusi sikuyataka na tumbo kubwa. Mume wangu kabaki mjini Unguja na kazi yake, anakuja kila baada ya wiki mbili. Usiku ananikosa na mie namkosa, lakini sikujuta.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka siku ya kutolewa mahari yangu? Tulikaa mie na weye chumba cha pili, pazia limeshushwa, tunawasikiliza wazee wakitaja moja moja: kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko. Kila jina na bahasha yake. Sie akili zetu zilikuwa kwenye piko tu. Sikuwahi kuuliza mkaja ni kitu gani.

Jumatatu iliyopita mama kalifungua kasha lake. Chini kabisa, chini ya joho la marehemu babu, katoa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara nyingi. Upana wake kama viganja viwili, urefu pima mbili na zaidi. Kimefuliwa mpaka kimekuwa laini kama ndewe ya sikio, na pembeni kina doa la manjano la bizari ambalo halikutoka miaka yote hii. Akasimama katikati ya chumba akajifunga mwenyewe kunionesha: unaanzia chini ya kitovu, unapanda unazungusha, unavuta kwa kadiri, mwisho unachomeka ubavuni. Akaniambia, "Huu niliufunga siku arobaini zako." Somo, nilikaa kitako. Kumbe ile bahasha ya mkaja ilikuwa inalipa kitambaa hiki, na tumbo lililolegea kwa ajili yangu, na mgongo ulioumia kwa kunibeba. Mie nilikuwa nahesabu noti.

Halafu akatoa doti mbili za kanga mpya na kitambaa kingine kipana, kizito, cha kumbebea mtoto. Pesa ya ubeleko hakuila. Siku ileile baada ya harusi alimtuma mtu Chake Chake akanunua nguo, akazitia kwenye kasha na udi, zikangoja. Miaka mitatu zimengoja, somo, na katika miaka hiyo mama hakuniuliza hata mara moja "vipi, bado?" Weye unajua watu wangapi waliniuliza.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukikaa ukumbini baada ya sala tukichana kanga kuukuu kuzifanya nepi. Mpya hazifai, zinachubua. Mama anauma pindo kwa meno, anavuta mara moja, kitambaa kinapasuka mstari ulionyooka. Mie natumia mkasi na bado kinakwenda upande. Kulikuwa na ile kanga yake ya "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi", unaikumbuka, alikuwa akijitanda nayo akija kututazama skuli. Nilimzuia isichanwe. Akasema kanga ikichakaa kazi yake ndiyo hii. Basi kipande kimoja kimebaki na neno "radhi" peke yake, nimekiweka juu kabisa ya begi la hospitali, kiwe cha kwanza kumfunga.

Usidhani tunakubaliana kwa kila jambo. Kwenye kitovu tulivutana siku nne. Mama ana unga wake wa dawa aliofundishwa na bibi, wa kuchanganywa na mafuta ya nazi. Mkunga wa kliniki katukalisha wote wawili akasema kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe kitu chochote, na nepi ifungwe chini yake. Mama kanyamaza kimya cha heshima, nikajua hajakubali. Mkunga naye akajua. Ndipo alipomkumbusha ule utafiti uliofanywa hapahapa Pemba kuanzia 2011 mpaka 2014, watoto zaidi ya 36,000, wengine vitovu vinasafishwa kwa dawa ya hospitali, wengine vinaachwa vikavu. Vifo havikupishana kwa kiasi cha kusema dawa ndiyo iliyookoa. Kilichomlainisha mama si hesabu hiyo. Ni kwamba mtoto wa jirani yetu wa nyuma, aliyezaliwa 2012, alikuwa mmoja katika wale wa kuachwa kikavu, na mama mwenyewe ndiye aliyemkanda mzazi wake na kukiona kitovu kikianguka bila kupakwa kitu. Kijana sasa anapanda minazi. Unga wa bibi umerudi kwenye kijaluba.

Na mie nimempa lake. Kukandwa nitakandwa, siku zote arobaini, kwa majani ya mdalasini na mchaichai, ila maji ayapime kwanza kwa kiwiko chake, yasinibabue. Uji wa pilipili manga nitakunywa, kuku wa kienyeji nitakula, tena kwa furaha. Mama mkubwa alisema yale maziwa ya mwanzo ya manjano hukamuliwa yakamwagwa. Hilo nimelikataa kwa adabu lakini nimelikataa. Dang'a ndiyo kinga yake ya kwanza, nitamtia kifuani saa ileile. Suala la tende ya kumgusishia kinywani bado tunalizungumza na baba. Yeye atamwadhinia, hilo halina mjadala.

Damu yangu ilinitisha kidogo. Nilipofika ilikuwa 9.4 na wao wanataka isipungue 11. Kumbe vile vidonge vya madini ya chuma nilikuwa nakunywa na chai ya tangawizi asubuhi, na chai inazuia madini hayo yasiingie mwilini. Sasa navinywa na maji ya chungwa, chai naisogeza mbele saa mbili nzima (hapo ndipo ninapoteseka), na mchicha na dagaa haukosi siku. Kipimo cha wiki hii kimetoa 11.1. Mama kalisoma kadi mara tatu.

Mjomba anasuka susu, kitanda cha kamba cha kuning'inia cha kumbembezea mtoto. Kamba za makumbi kazinunua kwa kinamama wa pwani, wale wanaofukia makumbi kwenye matope miezi na miezi kisha wanayaponda. Kila jioni anakaa uani akisokota, na akimaliza fundo anatia jiwe la kusagia ndani anabembeza kupima nguvu. Baba naye kaandika namba ya dereva kwa chaki nyuma ya mlango wa mbele, tarakimu kubwa kama za ubao wa skuli. Chini yake mie nimebandika ile karatasi ya hatari: damu nyingi, kichwa kuuma sana, macho kuona kiza, mtoto kutulia asicheze. Kucheza anacheza, mashallah. Hasa baada ya laasiri, kama sasa hivi, karatasi inaruka juu ya tumbo ninavyoandika. Mbuzi wa akika wako wawili kwa jirani. Akiwa msichana, mmoja atatosha na wa pili atapumua.

Hofu n'nayo, somo, sikufichi. Usiku nikisikia mama anakohoa chumba cha pili ndipo ninapolala.

Sasa haja yangu. Ile kofia ya uzi mweupe niliyomfumia mwanao, kama panya hawajaipata, niletee. Usinunue nyingine, naitaka hiyo hiyo iliyokwishavaliwa na mtoto akakua. Mume wangu anapanda boti ya Jumamosi ya wiki ijayo asubuhi, mpe pale bandarini Malindi kabla hawajafunga lango. Na weye ukipata ruhusa, njoo siku ya arobaini, au hata kabla. Kitanda kipo, utalala na mie.

Wasalaam,
Somo yako