Ukurasa wa kwanza nimekuchafulia

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo. Goti la baba yako tu ndilo lina maneno yake, lakini tunamshukuru Mungu. Nimeona nikuandikie kwa kalamu badala ya kukupigia simu, maana nikikupigia utaniitikia "sawa mama, sawa mama", na ikikatika tu yote yamekwenda na upepo.

Ulipokuja mara ya mwisho nililiona lile daftari nililokupa, bado jeupe jalada hadi jalada. Nilipokuuliza ukasema, "Nitaandika nini, mama? Sina la maana. Na mengine nayakumbuka tu." Siku ile sikukujibu.

Hilo la "nayakumbuka tu" ndilo lililotugombanisha mimi na mjomba wako. Ulikuwa mdogo, hukuelezwa sawasawa. Nilimkopesha fedha tukiwa tumesimama mlangoni, hakuna karatasi wala shahidi, ndugu kwa ndugu. Mwaka ulipopita, mimi nikakumbuka tulipatana atalipa zote kwa mara moja, yeye akakumbuka nilimwambia "ukipata". Na hakuna aliyekuwa akidanganya! Hilo lilinichukua muda mrefu kulielewa. Kila mmoja alibaki na maneno yaliyomfaa. Tulinuniana karibu miaka miwili kwa ajili ya mistari miwili ya kalamu. Watu hudhani kuandikishana ni kutoaminiana. Mimi nasema wanaopendana ndio waandikishane, kwa sababu ndio wenye cha kupoteza.

Wala usidhani haya ni ya kidunia, ya kiroho ni mengine. Chukua Waraka kwa Filemoni, aya 25 tu. Paulo anamwombea Onesimo, mtumwa, apokewe kama ndugu. Katikati ya maneno yale yote ya upendo anaingiza deni: kama amekudhulumu kitu, kiandike juu yangu, mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa. Mtume mzima, tena yuko kifungoni, anaandika hati ya deni!

Au msome Yeremia, sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzingira mji, yeye mwenyewe yumo kizuizini, na ndipo ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Anatia sahihi, anapiga muhuri, anaweka mashahidi, anazipima zile fedha kwenye mizani. Kisha anamwagiza Baruku azitie hati zote mbili, ile ya muhuri na ile iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi. Jamani, nani ananunua shamba adui akiwa ukutani? Lakini Mungu alikuwa amesema mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Kusema anaamini, kila mtu angeweza. Yeye aliandikiana.

Sasa hilo la kukosa la maana. Paulo huyohuyo anamwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Joho! Na mpaka leo tunalisoma kanisani. Siku yenyewe haijui lipi ndani yake litakuja kuwa la maana, wewe utalijuaje?

Daftari langu la maombi unalijua, lile la bluu lililolowa maji pembeni. Kushoto naandika ninachoomba na tarehe, kulia naacha wazi. Juzi nikiwa natafuta kitu kingine nikakuta mstari huu: "Bwana, mtoto alale. Leo usiku wa sita." Mtoto ni wewe, ulikuwa na miezi minne. Kulia hapana kitu. Maana yake ulilala, nami nikalala, na hakuna aliyekumbuka kurudi kushukuru. Nilijiona mmoja wa wale tisa waliotakaswa ukoma wakaenda zao. Nikachukua kalamu palepale, wewe sasa una ndevu, nikaandika upande wa kulia: "Alilala. Asante."

Sikufichi, kuna mistari ambayo kulia pameachwa wazi na najua kwa nini. Na kuna kurasa hutaziona nikiwa hai, nilizomlalamikia Mungu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Sijazichana. Aliyeimba "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" hakufutiwa zaburi yake, nami sioni kwa nini nifute yangu. (Hasira za watu ni jambo jingine. Andika, lakini usitume.)

Jambo jingine dogo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, mfalme anaamriwa ajiandikie nakala ya torati. Nilikuwa nikishangaa, mfalme si ana waandishi? Basi siku moja nikainakili Zaburi ya 23 kwa mkono, ile niliyoijua kwa moyo tangu utotoni. Nilipofika bondeni mkono ukasita. Mwanzoni Daudi anamzungumzia Bwana kama mtu wa pembeni: hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Akiingia bonde la uvuli wa mauti anageuka na kuzungumza naye: "kwa maana Wewe upo pamoja nami." Nimeisali zaburi ile kwenye misiba isiyo na idadi na sikuwahi kuliona hilo. Mdomo unakimbia, mkono hauwezi.

Nimekufungia daftari jipya pamoja na barua hii. Najua ugonjwa wako, daftari likiwa zuri unaogopa kulichafua, umerithi kwangu. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza nimekuchafulia mwenyewe: nimejaribia kalamu mbili, moja haitoi wino, nimekosea tarehe nikaikata, na pale chini utaona duara la kikombe. Wewe anzia wa pili.

Ni mimi, mama yako.