Ukuta Umekauka kwa Nje, Ndani Je?

Maji yakishatoka ndani ya nyumba, mambo huenda kwa mfuatano uleule: deki, feni, madirisha wazi, halafu anaitwa fundi rangi. Tunaielewa haraka hiyo, maana hakuna anayependa kulala kwenye chumba chenye alama ya matope ukutani. Ila kazi nyingi tunazoitiwa sisi wapima unyevu wa nyumba hapa Dar es Salaam baada ya masika ni za kuta zilizopakwa rangi mapema mno.

Kuna mama anayeishi mtaa wa Kigogo ambaye maji yalimfika magotini chumbani kwa watoto. Alisubiri wiki tatu. Ukuta ukaonekana mweupe, ukiugusa mkavu, akapaka rangi ya mafuta. Tulipofika, malengelenge yalikuwa yametapakaa kutoka sakafuni hadi karibu na swichi ya taa. Nilibonyeza moja kwa dole gumba, likapasuka, ukamwagika unga mweupe. Mwenyewe alidhani fundi alimwekea skimu mbovu, ile lipu laini ya kusawazishia ukuta. Ilikuwa chumvi. Tofali la saruji hunyonya maji kama utambi wa taa, yakapanda juu zaidi ya pale mafuriko yalipoishia, huku yakibeba chumvi. Yakitafuta njia ya kutokea hukutana na rangi ya mafuta iliyoziba kila kitundu, na hapo ndipo rangi inapobanduka.

Si kila maji yakimwagika unahitaji kupimiwa unyevu. Ndoo ikimwagika kwenye marumaru, au mvua ikipiga dirishani ukadeki saa hiyohiyo, usipoteze hela yako kwetu. Hesabu saa. Kuvu inaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye kitu kilicholowa, iwe jipsamu, godoro au mgongo wa kabati. Kwa hiyo maji yakikaa zaidi ya siku moja, au yakiingia darini au nyuma ya makabati ya jikoni ambako jicho halifiki, pima unyevu. Ya mafuriko ndiyo usiyasubirie dalili kabisa, kwa sababu hupita kwenye vyoo vya watu kabla ya kufika kwako. Jipsamu iliyolowa maji ya namna hiyo hatuikaushi, tunaing'oa.

Soketi zikiwa zilizama, zima meinswichi umwite fundi umeme kwanza. Sisi tunakuja baada yake.

Kuna pia nyumba ambazo hazijawahi kuona mafuriko, lakini chumba kinanuka uvundo na bili ya maji imepanda. Hapo anza mwenyewe. Usiku funga mabomba yote pamoja na koki ya kuingizia tanki, soma mita, weka na alama ya usawa wa maji kwenye tanki. Asubuhi, kabla mtu hajafungua bomba, angalia tena. Mita ikisogea, bomba linavuja kati ya mita na tanki. Tanki likishuka, uvujaji uko ndani ya nyumba. Kwa sakafu, bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote, ukiache saa 24. Matone chini ya nailoni maana yake unyevu unatoka kwenye zege lenyewe.

Tukija, tunapima unyevu wa mbao na kuta kwa kifaa. Mbao ikisoma chini ya asilimia 16 tunaridhika, ikizidi 20 iko kwenye hatari ya kuoza. Kupima ukuta ni kugumu zaidi, kwani chumvi hukidanganya kifaa kikasoma unyevu mwingi kuliko uliopo. Ndiyo maana hatuamini namba moja. Tunalinganisha na ukuta mkavu wa nyumba hiyohiyo, na pakiwa na shaka tunatoboa tundu dogo kupima kwa ndani. Zege hukauka polepole, makadirio ya mafundi ni kama unene wa milimita 25 kwa mwezi hali ikiwa nzuri, na hewa ya Aprili na Mei hapa pwani si hali nzuri.

Kwa yule mama tulikwangua rangi yote hadi kwenye plasta, tukasogeza vitanda vya watoto mbali na ukuta. Baada ya wiki sita tulirudi kupima. Kwenye swichi palikuwa pamekauka. Chini, karibu na sakafu, bado. Rangi ameihifadhi stoo.