Mbegu za nyasi bora ziwafikie wafugaji

Mhariri,

Naandika kuhusu nyasi za malisho zinazoboreshwa na watafiti wa umma. Nyasi ya brakiaria asili yake ni Afrika, lakini chotara yake iitwayo Mulato II ilizalishwa na CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha tropiki nchini Kolombia, kisha kampuni ya Papalotla ya Meksiko ikaingiza mbegu sokoni, kwa kuwa mtafiti hana ghala wala duka. Mimi nilizunguka maduka ya pembejeo hapa Nairobi nikitafuta mbegu ya brakiaria kwa ng'ombe wangu wawili wa Kamulu. Muuzaji akanishauri niombe vipando vya nyasi ya nepia kwa jirani, ilhali vipando hivyo, vikiwa vimeambukizwa, hueneza ugonjwa wa kudumaa wa nepia.

Naiomba KALRO, shirika la umma la utafiti wa kilimo na mifugo nchini Kenya, itoe leseni ya mbegu za nyasi inazoboresha kwa kampuni kadhaa, kwa sharti la kuuza pakiti ndogo zilizokaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua ubora wa mbegu.

Mfugaji,
Nairobi